Hosteli ya nyota 2.4 Tanga: nilipe au niache?

Swali: Habari kaka. Binti yangu amechaguliwa kusoma uuguzi hapo Tanga, na mafunzo ya wodini atayafanyia hospitali ya Bombo. Hosteli ya chuo imejaa. Tumepata hosteli ya mtu binafsi Chumbageni: kitanda kwenye chumba cha watu wawili ni shilingi 60,000 kwa mwezi, wanataka miezi 6 kwa mkupuo na amana ya 50,000, na kila siku wananiambia nafasi zinaisha. Picha zinavutia, ila kwenye ramani ya Google ina nyota 2.4 kutoka kwa watu 11. Nimekutumia maoni yote. Kuna dalali mwingine ana chumba Kange kwa 50,000, hicho hakina maoni hata moja. Mimi niko Kahama, siwezi kuja kukagua. Nilipe au niache?

Jibu:

Salamu dada, na hongera kwa binti. Najua wanakubana, kwa hiyo nianze na la haraka: hiyo 410,000 usiitume leo. Ila na hosteli usiifute bado. Nasimamia nyumba za watu hapa Tanga, nyingi zina wanafunzi ndani, na maoni ya namna hii nayasoma mara kwa mara. Haya uliyonitumia yana mambo ya kukusaidia kuliko hiyo 2.4 yenyewe.

Tumalizane na namba kwanza. Watu 6 wametoa nyota moja, mmoja ametoa mbili, mmoja tatu, na 3 wametoa tano. Jumla 26, gawa kwa 11, ndiyo hiyo 2.4. Kwa watu wachache hivi wastani hauna uzito: akija mpwa wa mwenye nyumba kesho akaweka tano, utaisoma 2.6 na jengo ni lile lile. Halafu mwanafunzi aliyekaa salama haandiki kitu. Anamaliza mitihani, anafunga begi, anapanda basi, basi. Anayekaa chini kuandika ni mwenye uchungu. Hoteli za Raskazone, kule ufukweni, huwaomba wageni wao waandike. Mama wa hosteli haombi mtu. Kwa hiyo usiipime hosteli ya wanafunzi kwa nyota ulizozoea kuziona kwenye hoteli.

Zile tatu za nyota tano zitoe kabisa kwenye hesabu. Zote zinaonyesha "wiki 3 zilizopita", yaani wakati huu huu wazazi wanatafuta vyumba, na zote zimeandikwa "huduma nzuri, mazingira tulivu". Hakuna aliyetaja choo, maji, wala jina la matroni. Aliyeishi mahali hutaja kitu, hata kama anasifia. Gusa majina yao uone: wawili hawajawahi kuandika maoni mengine popote. Ile nyota moja isiyo na neno hata moja nayo iache, haikufundishi lolote.

Yanabaki saba. Kwenye kila moja najiuliza swali moja tu: hili litakuwepo siku binti anashusha begi lake?

Anza na yule wa "umeme hakuna, tunasoma kwa tochi za simu". Google inaandika "miaka 2 iliyopita", haitaji mwezi, lakini mwenyewe ameandika "tangu mgao uanze". Mwishoni mwa 2023 mgao ulikuwa wa nchi nzima, hata wewe Kahama uliuonja. Hali ilianza kulegea Februari 2024, mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere ulipoingizwa kwenye gridi. Lalamiko hilo ni la TANESCO na ukame, mama wa Chumbageni hahusiki. Lifute.

Anayefuata ameandika wakati huo huo: "mvua ya elinino, maji yameingia vyumba vya chini, tumelala juu ya meza". Hili usilifute, ingawa mvua zile hazikuwa za kawaida. Mvua kubwa ndiyo inayokuonyesha maji ya mtaa yanaelekea wapi. Nyumba iliyoingiliwa na maji mara moja iko bondeni au mtaro wake umeziba, na mtaro haujizibui wenyewe. Vyuo vikifunguliwa mwezi wa kumi vuli inaanza, na baada ya hapo kuna masika ya Machi hadi Mei, ambayo huku pwani ndiyo mvua yenyewe hasa. Maana yake kwako ni nyepesi: binti asichukue chumba cha chini. Akikosa cha juu, hosteli hiyo haimfai, hata ikipunguzwa bei.

Sasa la maji ya bomba, ambalo mtu wa mbali angelipita haraka: "siku tatu hakuna maji, tunaambiwa bili inashughulikiwa", miezi 5 iliyopita. Ungekuwa mji mwingine ningekwambia zoea, nunua madumu. Lakini Tanga maji ni moja ya vitu tunavyojivunia. Yanatoka bwawa la Mabayani kwenye Mto Zigi, na Tanga UWASA ina jina zuri miongoni mwa mamlaka za maji nchini. Hitilafu zipo, bomba hupasuka, lakini siku tatu kavu nyumba moja huku majirani wanachota? Hapo bili haikulipwa na maji yamekatwa. Na wanafunzi walishalipa miezi 6 mbele. Hela yao ilikuwepo, ikaenda kwingine. Kwa hiyo ukiona "maji" usiweke kwenye fungu la mabomba, weka kwenye fungu la mwenye nyumba na anavyotunza fedha za watu.

Lile la godoro na kunguni nalipita upesi, ingawa najua ndilo lililokutisha zaidi. Kunguni wapo kwenye nyumba za bei zote. Godoro binti aje na lake au alinunue hapa hapa. Cha kuuliza ni kitanda: cha mbao wanajificha kwenye maungio na humalizi kuwapiga dawa, cha chuma kina nafuu. Mtakayemtuma kukagua amulike tochi kwenye pembe za kitanda na kwenye nyufa za ukuta karibu na kichwa. Akiona vidoa vyeusi vilivyotawanyika kama pilipili manga, jibu analo.

Tunakuja kwenye mawili yanayonifanya nikuzuie mkono. Mmoja ameandika "mwaka mmoja uliopita": amana yake haikurudi, aliambiwa ukuta umechafuka. Mwingine "miezi 11 iliyopita": amana yake haikurudi, aliambiwa ukuta una nyufa. Watu tofauti, muhula tofauti, kiasi kile kile cha 50,000, sababu ile ile ya ukuta. Malalamiko mawili yenye maelezo yanayofanana hivyo yana uzito kuliko kumi ya "pabaya usije". Na soma mama alivyomjibu yule wa pili: "Ungesoma mkataba, usituharibie jina." Mwenye nyumba aliye na haki huja na maelezo: tulipaka rangi, fundi alichukua kiasi hiki, salio tulikutumia tarehe fulani. Huyu amekuja na ukali tu. Nao ni ukuta wa pwani, dada. Hewa ya chumvi inautoa unga wenyewe, hata chumba kisipokaliwa na mtu. Kila mwanafunzi atakayeondoka atakuta ukuta umechafuka.

Kwa hiyo hiyo 50,000 ihesabu imekwenda. Igawe kwa miezi 6 uiongeze kwenye kodi, na kitanda kinakuwa kama 68,300 kwa mwezi. Hiyo ndiyo bei ya kulinganisha na vyumba vingine. Kama bado inakufaa, tuendelee. Kama ulikuwa unaitegemea irudi ili ilipie muhula wa pili, tafuta pengine.

Limebaki la nyota tatu, na ningeambiwa nisome moja tu kati ya yote 11 ningesoma hili. Anayetoa tatu hana ugomvi na mtu wala hatafuti kumfurahisha mtu. Ameandika: "Kwa bei yake si pabaya, pako salama, matroni mkali. Geti saa tatu usiku linafungwa, ukiwa na zamu ya jioni jipange." Mwanao ni wa uuguzi. Miezi ya mwanzo atakuwa darasani zaidi, lakini akianza wodini atapangiwa zamu za jioni na usiku, na mgonjwa haachwi kwa sababu ya geti. Hosteli hiyo hiyo kwa mwanafunzi wa uhasibu haina tatizo lolote. Kwa muuguzi, hili la geti ni kubwa kuliko kunguni, mgao na godoro kwa pamoja, na nyota 2.4 isingekwambia.

Sasa piga simu. Usianze na malalamiko, mama atajifunga. Muulize kwanza jambo ambalo jibu lake tayari unalo: "Geti linafungwa saa ngapi?" Akisema saa tatu, umepata mtu wa kuzungumza naye, endelea, muulize mwanafunzi wa afya mwenye zamu anafunguliwa na nani, na matroni anahitaji barua ya chuo au ratiba tu. Akikwambia "aah, hakuna shida, muda wowote", ujue na mengine yote atakujibu hivyo hivyo. Muulize pia LUKU. Kama imo ndani ya kodi, vizuri. Kama kila chumba kina submita, yaani mita yake ndogo, uniti anauza bei gani? Kwenye kundi la T1, la watumiaji wa kawaida wa TANESCO, uniti moja ni karibu shilingi 356 pamoja na makato yake. Akikutajia 400 mvumilie. Akitaja 600, anafanya biashara ya umeme juu ya biashara ya kitanda.

Kisha mwambie hivi: nalipa mwezi mmoja sasa kushika nafasi, na mitano binti atakapofika na kuona chumba. Hapo ndipo penye uamuzi wako wote. Nimtetee kidogo, maana niko upande wao kila siku: wenye nyumba hawadai miezi 6 kwa tamaa tu. Mji wetu una jina la "waja leo waondoka leo", na wanafunzi ndio hasa; wakienda fildi wanahama bila kuaga na kitanda kinabaki kitupu mpaka muhula mwingine. Kwa hiyo kudai sita ni kawaida. Kukataa mmoja wa kushika nafasi kwa mzazi aliye Kahama si kawaida, hasa kwa hosteli ambayo eti inajaa. Inayojaa kweli haina haja ya kukupigia kila siku.

Akikubali, mtume mtu kabla ya kutuma hata huo mmoja. Dalali usimtume, analipwa mkilipa. Tafuta ndugu, muumini mwenzenu wa kanisani au msikitini, au mwanafunzi wa mwaka wa pili wa chuo hicho hicho, mpe nauli ya bajaji na soda. Aende jioni ya saa moja hivi, wapangaji wamerudi na kila mtu anataka kuoga. Mchana bomba lolote linatoka. Afungue bomba la ghorofani, siyo la uani, maana maji yakishindwa kupanda ni saa hiyo. Aulize tenki lipo na linajazwaje. Ahesabu vyumba vinavyotumia choo kimoja, na ainuse chemba: iliyojaa haijifichi.

Vyumba vya chini avitazame hata kama binti halali huko, kwa sababu vinasema ukweli wa nyumba. Nyuma ya mlango na chini ya dirisha, pale ambapo kabati haliwekwi, maji yaliyowahi kusimama huacha mstari ulionyooka, kahawia au kijivu, urefu ule ule chumba kizima. Chumvi ya bahari haifanyi hivyo. Yenyewe inamenya rangi mabaka mabaka, juu na chini, bila mpango. Na akikuta rangi mpya iliyopakwa mpaka magotini tu, kuzunguka kuta zote nne, hiyo imepakwa kwa ajili ya picha za tangazo. Amuulize mpangaji yeyote atakayemkuta anaanua nguo, matroni asiwepo: "Mvua kubwa ya mwisho mlilala wapi?" Watamwambia.

Na apige picha za simu, siyo za vyumba tu. Apige geti, mtaa wa mbele, taa za barabarani kama zipo. Binti atapita hapo usiku.

Cha Kange sijakisahau. Kutokuwa na maoni hakumaanishi pazuri. Kunamaanisha hakuna aliyeandika. Ni 50,000, ni rahisi kwa macho, lakini Kange ndiko iliko stendi kuu, na Bombo iko upande wa pili wa mji, kule baharini. Weka nauli ya kila siku, na bajaji au bodaboda kwa zile siku za zamu, 10,000 uliyookoa inaisha kabla ya mwezi kufika nusu. Na ni chumba cha peke yake: hakuna matroni, hakuna geti, mlinzi ni kufuli. Kwa kijana wa kiume mwaka wa tatu ningesema sawa. Kwa binti anayefika mjini mara ya kwanza, mimi ningechagua Chumbageni yenye kasoro ninazozijua. Mwingine ataona tofauti, na sitagombana naye.

Ukifika hatua ya kulipa, lipa kwa simu au benki, usimpe mtu fedha mkononi. Kabla hujathibitisha muamala, jina la mpokeaji linatokea. Lilingane na jina litakalokuwa kwenye mkataba. Likitokea jina la "kijana wangu", simama, uliza. Mkataba uandikwe hata kama ni karatasi moja, na ndani yake yawemo mambo haya kwa maneno ya wazi: chumba namba fulani cha juu, maji ni jukumu la mwenye nyumba, utaratibu wa geti kwa mwenye zamu, na amana inakatwa kwa kitu kipi na inarudishwa ndani ya siku ngapi. Upelekwe kwa mwenyekiti wa mtaa agonge muhuri. Muhuri huo haumlazimishi mtu kulipa, lakini mama anayejua mwenyekiti ameona karatasi hujibu tofauti akidaiwa. Siku ya kuingia binti arekodi video ya kuta zote nne na huyo matroni akiwa chumbani, kisha amtumie mama mwenye nyumba hapo hapo kwa WhatsApp, na neno moja tu: "Nimepokea chumba kikiwa hivi." Hiyo 50,000 nimekwambia ihesabu imekwenda, lakini hakuna sababu ya kumrahisishia.

Na mama akikataa mwezi mmoja, au akikudanganya saa ya geti, achana naye bila kinyongo. Binti aje mapema, siku chache kabla ya chuo kufunguliwa, afikie kwa mwenyeji au gesti ya heshima. Vyumba vya Tanga vinaonwa kwa miguu, vingi havijawahi kuingia kwenye ramani yoyote. Kisha wiki ya pili ya masomo arudi kwa matroni wa chuo kuulizia kitanda cha hosteli ya chuo. Kila mwaka wapo waliochaguliwa wasioripoti, na vitanda vyao hupewa walioandika majina. Aandike jina lake siku ya kwanza.